Jina la Chini ya Karatasi

Mama yake ndiye aliyewatangazia majirani kwamba mwanawe anashughulika na kodi. Hakukusudia uongo. Kijana alikuwa amerudi kutoka kazini amejaa maneno, hata viatu hajavua, akasema, "Mama, nimejifunza kuandika kodi! Ukishaandika, kompyuta inafanya kazi yenyewe, wewe unakaa unaitazama." Mama alikuwa kwenye cherehani akikunja upindo wa gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni, na katika maneno yote yale alishika moja, kodi, akadhani ni ile ya serikali, si "code" ya kompyuta. Kesho yake mwenye duka la pembeni alimwamkia kijana kwa adabu isiyo ya kawaida, akampangusia kiti, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kuelewana kuhusu leseni.

Alipoisimulia hadithi hiyo kazini, watu walicheka mpaka wakashika meza. Jina likamganda. Kuanzia siku hiyo akawa Kodi, na hata mlinzi wa getini alikuwa akimwona anainua mikono juu: "Nimeshalipa, mzee!"

Kazini kwao kulikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Sakafu ilitetemeka kila walipopiga nyundo kule chini, na harufu ya mpira ilichanganyika na moshi wa kuchomelea nyaya. Walitengeneza bodi, yaani vibao vya umeme, za mashine za kupozea dawa, zile zinazokaa kwenye zahanati. Wachoraji, yaani mainjinia, walikuwa na chumba kikubwa chenye mapazia na feni. Kodi na Shangazi walikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta, meza mbili, na printa iliyokuwa ikitafuna karatasi kama mbuzi.

Shangazi hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa shangazi wa ofisi nzima, pamoja na meneja. Yeye ndiye aliyempokea Kodi siku ya kwanza, akamwonyesha choo kinachofungika na kile kisichofungika, akamwambia, "Humu ndani usimwogope mtu ila printa."

Kazi yao, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Kabla bodi haijatengenezwa, injinia huichora kwenye kompyuta. Kila kidude kitakachochomelewa kina alama yake, hiki R14, kile C7, na pembeni pameandikwa thamani yake, yaani aina na ukubwa. Mchoro mmoja hujaza kurasa na kurasa. Lakini mtu wa stoo hanunui mchoro, ananunua vidude. Anataka kujua ni rezista ngapi za aina hii, kapasita ngapi za aina ile, na fyuzi ipi. Basi lazima mtu akae, afungue mchoro, abofye kidude kimoja kimoja, asome kilichoandikwa, akihamishie kwenye jedwali. Chini kabisa ya jedwali palikuwa na mstari: *Imehakikiwa na*, kisha majina matatu ya Shangazi, lake, la baba na la babu.

Aliipenda ile sehemu ya chini kuliko jedwali lenyewe. "Babu yangu hakujua kusoma," alisema, "lakini tazama, anahakiki umeme."

Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, kwanza upande mmoja, kisha pande zote. Aliisogelea kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Wanangu wote wamehama nyumbani," alikuwa akisema, "amebaki huyu mtoto wa jicho peke yake, na huyo hata nikimfukuza haondoki." Watu walicheka. Kodi naye alicheka, lakini alimwona akihesabu kwa kidole kwenye kioo, akipoteza mahali, akianza upya, akitukana kimyakimya.

Na tena palikuwa na lile neno. Injinia asipokuwa ameamua thamani ya kidude, hakuacha pengo. Aliandika "bado". Nani alianzisha hakuna aliyejua, lakini ndiyo ilikuwa desturi ya pale: R30, bado. C12, bado. Shangazi akikutana nalo alijiinua, akajinyoosha mgongo, akaenda na karatasi yake mpaka chumba chenye feni, akasimama mlangoni.

"Nani kaniachia bado hapa? Bado ndiyo nini, inauzwa kwa kilo?"

"Aa, Shangazi, hiyo ni yangu," injinia mmoja angejibu. "Weka ya kumi."

"Ya kumi nini, ya kumi Mungu akipenda?"

Wangecheka, wangemtajia vizuri, angeandika, angerudi. Ile safari ya mlango hadi mlango ndiyo iliyokuwa uhakiki wenyewe. Ila hakuna aliyewahi kuiita hivyo, na kitu kisicho na jina hakionekani kwenye mipango ya wakubwa.

Alikuwa amekaribia kustaafu, na kitu alichokitaka alikitaja waziwazi, mara nyingi, bila haya. Alikuwepo siku dereva mzee wa ofisi alipoagwa. Walinunua soda na keki, wakamkalisha mbele kwenye kiti chenye mikono, kile cha chumba cha mikutano, wakazungumza mmoja mmoja. Dereva alilia kama mtoto. "Na mimi nataka hivyohivyo," Shangazi alisema. "Sitaki saa ya ukutani, sitaki kanga wala blanketi. Nikalishwe kwenye kile kiti, meneja asimame, aseme huyu mama alifanya kazi. Basi. Nikitoka pale niende na macho yangu mabovu kwa raha."

Kodi alimwahidi. "Shangazi, nipe muda kidogo. Nitaandika programu ifanye kubofya kote kule. Utakuwa unawahi kufika nyumbani."

"Niwahi kwenda kufanya nini? Sufuria zimeniita?"

Lakini alifurahi. Ilionekana kwa jinsi alivyoanza kumfunika Kodi asisumbuliwe, akipokea simu zake na kumwambia kila aliyepiga hodi kwamba mtaalamu yumo kwenye mambo ya kodi.

Kodi aliiandika wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja kwenye kibodi. Programu ilifungua faili la mchoro, ikapita kwenye kila kidude, ikasoma alama na thamani, ikakusanya vinavyofanana, ikavihesabu, ikamwaga yote kwenye jedwali. Ilipokutana na "bado", ilikiweka kidude kile juu kabisa kwa rangi nyekundu: ULIZA. Jedwali lenyewe alilinakili kutoka kwenye la zamani kama lilivyo, ili mtu wa stoo asibabaike. Kichwa kilekile, safu zilezile, na chini, majina matatu yaleyale. Aliyaona akayaacha. Aliona ni heshima.

Siku ya majaribio Shangazi alileta hesabu yake ya mkono, wakalinganisha. Zilitofautiana mahali pamoja. Shangazi alishikilia kwamba mashine imekosea, wakabishana mpaka wakafungua mchoro, na kumbe ni yeye aliyeruka kapasita. Alinuna. Jioni alianza kufunga mkoba wake.

"Hiyo mashine yako haina adabu," alisema. "Lakini ina macho."

Kwa muda mambo yakawa mazuri kweli. Programu ilibofya, Shangazi akabaki na wekundu: anachukua karatasi, anakwenda mlangoni kwenye feni, anauliza bado inauzwa kilo ngapi, anarudi. Mgongo ulinyooka. Kodi alijiona mtu aliyeleta kitu duniani. Alikuwa na umri ule ambao mtu huamini kwamba ukimpunguzia mwenzako mzigo, basi mzigo umepungua. Hakujua bado kwamba kuna watu ambao wakiona mzigo umeshushwa hawafurahii aliyepumzika. Wanauliza kwa nini bado amesimama pale.

Meneja aliingia chumbani kwao siku moja, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Alikuwa mtu wa sauti laini na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono. Shangazi alikuwa kliniki ya macho. Meneja alishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Hii kazi yako nimeisifia sana kwa wakubwa, Kodi. Lakini huu wekundu ni wa nini?"

"Ni vile ambavyo injinia hajaamua, bosi. Shangazi anakwenda kuwauliza."

"Kwa hiyo programu haijamaliza kazi."

"Imemaliza yake. Hiyo iliyobaki ni ya kuuliza."

"Wakubwa wanakuja kuona. Siwezi kuwaonyesha karatasi inayouliza maswali." Aliiweka mezani. "Bodi zetu zinafanana. Kikikosekana kitu, si ichukue kile cha mchoro uliopita? Mimi nataka karatasi safi."

"Inaweza kukosea, bosi."

"Kwani Shangazi hakosei? Si wewe mwenyewe ulinisimulia ile kapasita?"

Kweli alikuwa amemsimulia. Aliisimulia kwa kucheka, kama mtu anavyosimulia ya nyumbani. Sasa ilirudi imevaa suti.

Kodi akaandika ule mstari. Ulikuwa mfupi: ukikuta "bado", chukua thamani ya mchoro uliotangulia. Alijiambia ataurekebisha wageni wakishaondoka. Wageni walikuja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakapiga picha na printa, wakaondoka. Mstari ukabaki. Karatasi zikawa zinakwenda stoo moja kwa moja, safi, nyeupe, kimya.

Shangazi alikaa kitini siku kadhaa bila kazi ya maana. Alifuta vumbi kwenye printa. Alipanga kalamu. Mwishowe akauliza, "Hivi, Kodi, siku hizi mainjinia wameacha kuandika bado?"

Hapo Kodi alikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu. Akasema, "Wamekua, Shangazi. Wanaamua mapema."

Shangazi akacheka. "Afadhali. Maana miguu nayo ilishaanza kuniandikia bado."

Bodi iliyoleta balaa ilikuwa ya mashine ndogo, mpya, yenye mota ndogo. Injinia alikuwa hajaipata karatasi ya vipimo vya mota, kwa hiyo kwenye fyuzi akaandika lile neno. Mchoro uliotangulia ulikuwa wa mashine kubwa. Programu ikachukua fyuzi ya mashine kubwa, ikaiweka kwenye ndogo, bila kuona haya. Sasa fyuzi kazi yake ni kukatika. Umeme ukizidi, inajitoa mhanga ili vingine vipone. Fyuzi nene kupita kiasi haikatiki, inakaa inatazama. Mota ya mashine moja ikakwama kwenye ghala la mteja, waya ukapata moto, sanduku likaanza kuungua. Hakufa mtu. Lakini ghala lilijaa moshi, mteja akarudisha mashine zote, na wakubwa wakataka kujua ni nani.

Wakubwa hawaulizi nini. Wanauliza nani.

Kikao kilifanyika chumba cha mikutano, chenye kile kiti cha mikono. Aliyekikalia alikuwa afisa wa utumishi, mwanamama aliyezungumza kama anayesoma hata asipokuwa na kitu cha kusoma. Meneja alikaa kulia kwake. Injinia mwenye mchoro alikaa karibu na mlango. Shangazi alipewa kiti cha plastiki. Kodi aliitwa aeleze programu inavyofanya kazi, na asizidishe.

Injinia aliulizwa kwanza. "Mimi niliandika bado," alisema. "Bado maana yake ni bado. Siku zote Shangazi huja kuuliza. Safari hii hakuja."

Afisa akamsogezea Shangazi karatasi. "Hapa chini pameandikwa imehakikiwa na. Hilo ni jina lako?"

Shangazi aliisogeza karatasi mpaka usoni. "Ni langu. Na baba yupo, na babu yupo."

"Ulihakiki?"

"Karatasi hii naiona leo."

"Kwa hiyo hukuhakiki."

"Ningehakikije kitu ambacho sikuletewa?"

"Nitaandika," alisema afisa, akiandika, "kwamba amekiri hakuhakiki."

Kodi alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma, hakukiokota. "Jina linaandikwa na programu! Linaandikwa hata kama yeye yuko hospitali. Mimi ndiye niliyeliacha pale. Na mstari uliochukua fyuzi ya mashine kubwa niliuandika mimi, kwa agizo la meneja."

Shangazi aligeuka kumtazama. Si meneja, si afisa, alimtazama yeye. Macho yale yenye ukungu yalikaa usoni kwake muda mrefu, na Kodi akajua kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari ya ule mstari, na kwamba sasa hivi anakumbuka neno "wamekua".

Meneja hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Kijana wangu, mimi niliagiza karatasi safi," alisema. "Sikuagiza fyuzi."

"Basi niandikeni mimi!"

"Jina lako halipo kwenye karatasi," alisema afisa. "Programu siwezi kuiandikia barua. Utaratibu unamtaka aliyehakiki."

"Lakini nimekwambieni hakuhakiki!"

"Ndicho tulichokwisha kuandika."

Fikiria mtego ulivyofumwa. Akisema alihakiki, ni mzembe. Akisema hakuhakiki, ni mzembe. Mlango wa tatu ulikuwepo, ulikuwa umekaa mkono wa kulia umevaa shati lililopigwa pasi, lakini huo haukuwa na mahali kwenye fomu. Tunafundishwa shuleni kwamba mashine haina upendeleo. Hawatufundishi kwamba anayeiagiza huwa na upendeleo wa kutosha kwa wote wawili.

Shangazi aliandikiwa barua ya kufukuzwa, akaondoka siku ileile. Mlinzi alitumwa amsindikize, akapanda ngazi amebeba kofia mkononi, hakujua afanye nini na uso wake. Vitu vya Shangazi vilitosha kwenye mfuko wa nailoni: kikombe, mto wa kukalia, kandambili, miwani ya akiba. Soda haikununuliwa. Wachoraji walisimama mlangoni kwenye feni, pale pale alipozoea kusimama yeye. Alipompita Kodi alisema tu, "Pisha, mwanangu," kama mtu anayepita sokoni.

Kodi alimsimulia mama yake yote, hadi lile la "wamekua". Mama aliisimamisha cherehani. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kumbe majirani sikuwadanganya," alisema. "Ni kodi kweli. Tena umemtoza asiyedaiwa."

Jumapili alikwenda kwa Shangazi. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti akichambua mchele kwa ncha za vidole, macho yameelekezwa barabarani. Alimtambua kwa hatua.

"Karibu, Kodi. Uliniahidi nitawahi kufika nyumbani. Nimewahi."

Kodi alibaki amesimama mbele yake. Akasema amekuja kuomba radhi. Akasema ataandika barua kwa wakubwa, wataandika pamoja, hatanyamaza.

"Andika. Kuandika unajua." Aliokota chenga, akaitupa. "Kiti changu anakalia nani?"

"Hakuna."

"Muongo. Mmeshaweka printa."

Kweli ilikuwa imewekwa printa.

"Nikuulize kitu kimoja, halafu uniache nimalize mchele wangu. Jina langu mmeshalitoa kwenye zile karatasi?"

Kodi aliutazama ungo wa mchele. Wiki nzima karatasi zilikuwa zikitoka, na chini ya kila moja majina matatu yalikuwa yakihakiki, ya mtu aliyefukuzwa kwa kutokuhakiki. Hakuna aliyeona, si meneja, si afisa. Yeye mwenyewe aliona Ijumaa, akaogopa kuligusa, kama mtu anayeogopa kugusa nguo za marehemu.

"Bado, Shangazi."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukatikisika na mchele ukamwagika miguuni. "Bado ndiyo nini," alisema akifuta macho, "inauzwa kwa kilo?" Kisha akainama kuokota punje moja moja, na Kodi alipopiga magoti amsaidie, alimwondoa mkono.

Jumatatu Kodi alifungua programu kabla hajaketi. Kwanza alifuta ule mstari wa karatasi safi, wekundu ukarudi. Kisha akashuka mpaka chini, akayafuta majina matatu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake.

"Weka la mtu hapo. Hapakai wazi."

"La nani, bosi?"

"Wewe si msomi? Utajua mwenyewe. Nataka kuona pamejazwa."

Barua yake kwa wakubwa aliipeleka asubuhi hiyohiyo. Kabla ya mchana ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala lilikwisha kushughulikiwa. Kazi hakuacha. Cherehani ya mama haikuweza kuilisha nyumba peke yake, na hilo ndilo lililomla zaidi, kwamba hasira yake ilikuwa na saa ya kuingia na saa ya kutoka. Aliitazama ile nafasi. Akaandika neno moja, akahifadhi.

Karatasi zilianza kutoka hivyo. Zilikwenda stoo, zilikwenda kwa meneja, zikawekwa sahihi na mihuri, zikafungiwa kwenye majalada. Hakuna aliyeuliza, mpaka mtu wa stoo alipokutana naye kwenye ngazi, ana boksi la fyuzi begani.

"Kodi! Huyu mwenzenu mpya anayehakiki karatasi, huyu Bado, mbona hatumwoni? Hata chai haji kunywa. Amesharipoti kazini?"

Chini kule walikuwa wakigonga tairi. Ngazi ilitetemeka. Kodi alijibana ukutani ili boksi lipite.

"Bado," alisema.